Barua Iliyomposa Msichana wa Kitabuni

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kabla hujanicheka kwa haya ninayotaka kusimulia, ujue kwamba nimeshajicheka mwenyewe vya kutosha. Cheko lako litakuwa la nyongeza tu.

Kuna riwaya moja kongwe ambayo nimeifundisha hapa Tabora tangu niajiriwe. Jina lake nalificha, maana bado naipenda na sitaki ionekane vibaya. Inamhusu kijana wa Unyanyembe aliyejiunga na msafara wa mapagazi kwenda pwani. Huyo kijana, jamani! Anabeba pembe ya ndovu begani kama mimi ninavyobeba mwavuli. Anavuka mto uliofurika, anaua simba, anamjibu mtemi kwa methali. Hachoki, haharishi, miezi yote hiyo ya kutembea hana hata lengelenge moja mguuni. Nyumbani amemwacha mchumba wake. Huyo naye ana shingo. Ana macho pia, na meno, na nywele zilizosukwa, na kila mwandishi anapomkumbuka tunamkuta kisimani na mtungi wake, anatazama njia, analia. Mwanamke wa pili humo ni mchawi. Wa tatu ni mama wa kijana, ambaye kazi yake ni kufa mapema ili mwanawe apate cha kumsikitisha njiani.

Niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa shuleni kwetu Ziba, na nikaamua papo hapo kwamba hivyo ndivyo mwanamume anavyotakiwa kuwa, na hivyo ndivyo mwanamke anavyotakiwa kupendwa. Wala sikuwa mjinga peke yangu, darasa zima tuliamua hivyo. Tofauti ni kwamba wenzangu walikua wakasahau, mimi nikaenda kuisomea shahada.

Wanafunzi wangu wamejaribu kuniamsha. Mwaka mmoja niliwaambia kidato cha tatu wachore jedwali ubaoni, upande huu sifa za wahusika wanaume, upande huu sifa za wahusika wanawake. Upande wa wanaume ukajaa mpaka chaki ikaisha: hodari, mvumilivu, mwenye busara, msemaji, mkali, mwenye huruma, mwenye hasira. Upande wa wanawake wakaandika: mzuri, mtiifu, mchawi, marehemu. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, msafara umetembea mpaka pwani. Nani alikuwa anapika?" Nikamwambia mwandishi hakuona haja ya kueleza. Akaniuliza tena, "Na huyu wa kisimani, mwalimu, yeye anakula saa ngapi?" Darasa likaanguka kicheko. Nikawatuliza kwa kusema kila kitabu ni mtoto wa wakati wake, jibu ambalo sisi walimu tunalitumia tukiwa hatuna jibu.

Basi, siku moja nikapanda treni ya Kigoma kwenda Kaliua kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu. Nimeketi dirishani na riwaya yangu iliyoshonwa kwa uzi wa viatu, nikasikia sauti ya mkwaruzo ya mtu aliyezoea kupigizana kelele na magurudumu: "Tiketi!" Nikaichomoa katikati ya kitabu, maana ndiyo niliyoitumia kuweka alama ya ukurasa. Mkaguzi wa tiketi, dada mwenye sare na mkoba begani, akaitoboa, akakitazama kitabu, akanitazama na mimi.

"Yule dada bado yuko kisimani?"

"Bado," nikasema.

"Maskini! Na huo mtungi haujajaa tu?"

Abiria waliokuwa hawajawahi kukiona hicho kitabu wakacheka kuliko waliokisoma. Mimi nikababaika, nikasema neno kuhusu muktadha wa kihistoria. Akasema, "Haya, mwalimu, sogeza mguu watu wapite." Nilishuka Kaliua nimeshapenda, na harusi yenyewe siikumbuki vizuri.

Tulikuwa wachumba wa kimyakimya kwa muda mrefu. Kwao ni Cheyo, mimi nimepanga Chemchem, yote mitaa ya hapa Tabora, lakini yeye muda mwingi alikuwa njiani. Leo Uvinza, kesho Kigoma, keshokutwa anarudi na dagaa kwenye mfuko na habari za mlevi aliyemshusha kwa kumkamata ukosi. Ile njia waliyoipita mapagazi kwa miguu, sasa inapita reli karibu yake, na aliyekuwa akienda na kurudi humo kila wiki ni yeye. Aliyebaki Tabora akitazama njia na simu mkononi ni mimi. Ungedhani mtu mwenye shahada ya fasihi angeliona hilo. Wapi!

Mwaka juzi nikaamua kuposa. Kwetu, kama kwa wengi, unaandika barua kwa baba wa binti, inafungwa kwenye leso nyeupe, mshenga anaipeleka, inasomwa kwa sauti mbele ya wazee, na binti akiwa chumba cha pili anaulizwa kama anamjua aliyeandika. Mposaji mwenyewe haendi. Anakaa nyumbani anatetemeka. Mshenga wangu alikuwa mwenye nyumba wangu, mzee aliyeongoza kwaya ya Wamoravian miaka mingi, sauti yake ikianza Chemchem unaisikia sokoni.

Barua niliiandika juma zima. Mwalimu wa Kiswahili anaposa, watu wategemee nini? Nikaandika kwamba naomba kuchuma ua lililositiriwa na majani, lenye shingo ya mviringo na sauti ya njiwa, lisiloinua macho mbele ya wageni, lililotulia nyumbani likimngoja wake. Nikaandika kwamba mimi ni simba wa Unyanyembe, nisiyetetereka, nisiyejua hofu. Mimi mtu wa Ziba, hata Unyanyembe si kwetu! Niliisoma mara tatu, machozi yakanilenga kwa uzuri wake.

Jioni mshenga akarudi. Akaketi, akavua kofia, akaomba maji.

"Nilisoma vizuri sana," akaanza. "Hilo naomba lijulikane. Nilipofika kwenye sauti ya njiwa, mtu akacheka chumbani. Nikadhani ni watoto."

"Hawakuwa watoto?"

"Shangazi yake akamwuliza binti, unamjua aliyeandika barua hii? Akajibu kwa sauti, hata jirani alisikia. Akasema, aliyeandika namjua, anayeandikwa ndiye nisiyemjua. Mtafuteni huyo mwenye shingo, akipatikana mpeni barua yake."

Akatoa leso mfukoni. Barua ilikuwa ndani yake. Nimehudhuria posa nyingi maishani mwangu na sijawahi kusikia hilo. Barua ya posa hukubaliwa, au hukataliwa, au hukaliwa kimya mpaka mposaji aelewe mwenyewe. Hairudishwi ikaandikwe upya kama insha ya kidato cha kwanza.

"Na baba yake?"

"Yule hakusema kitu. Unamjua." Nilimjua. Mrina asali, mwenye mizinga porini kuelekea Sikonge, mrefu, mkavu, mikono yote makovu. Alishawahi kumwambia mshenga wangu, tena kwa kunisema mimi, kwamba mwanamume ni yule anayeumwa na nyuki mia asiseme ai. Yeye ndiye pekee niliyepata kumwona anayefanana na yule kijana wa riwaya, na nilimwogopa kuliko mkaguzi wa shule.

Nikampigia binti mwenyewe. Hakupokea. Baadaye ukaja ujumbe: "Wewe nakupenda. Lakini siwezi kuolewa kwa niaba ya mtu mwingine. Shangazi kakuombea nafasi moja tena. Ni moja."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilizunguka chumbani nikisema mwenyewe: huyu anataka nini, nimemsifu mpaka wino umeisha, wenzake wanaposwa kwa ujumbe wa simu! Nikamtetea mwandishi, nikajitetea na mimi, nikapiga teke ndoo. Hasira ilipopoa nikaogopa. Nafasi moja ni moja, na huyu si mtu wa kusema jambo halafu akabembelezwa. Nikiandika upuuzi tena, ndiyo basi, nitabaki na kitabu changu na shingo yake.

Nikachukua karatasi, nikachukua na michembe ambayo mama alinitumia kutoka Ziba, nikakaa nikitafuna vile viazi vikavu na kujiuliza swali rahisi: namjua? Kumbe nilikuwa namjua. Mambo yote yalikuwepo, ni kwamba hayakuwahi kunipitia akilini kuwa ni ya kuandikwa kwenye barua. Nikaandika kwamba ninayemposa huamka na hasira na hapendi kusemeshwa mpaka anywe chai. Kwamba hucheka kabla ya kumaliza kichekesho chake, kwa hiyo vichekesho vyake vingi sijawahi kuvisikia mwisho. Kwamba anamtambua asiye na tiketi kwa jinsi anavyotazama dirishani. Kwamba amewahi kumzalisha mama mmoja ndani ya behewa, kabla ya Usinge, akishika tochi kwa meno, na aliponisimulia alilalamikia sare yake tu. Kwamba anaogopa chura. Kwamba sauti yake si ya njiwa, ni ya mkwaruzo, na nikiisikia kwenye simu moyo wangu unakaa mahali pake. Ilinichukua saa moja. Mwishoni nikaongeza kuhusu mimi mwenyewe, na hapo sikufikiri hata kidogo, nikanakili tu kutoka barua ya kwanza: simba, nisiyetetereka, nisiyejua hofu. Mwanamume ataandika nini kingine?

Shangazi akaagiza kwamba safari hii nije mwenyewe. Makubwa! Mshenga wangu alisema katika umri wake wote hajaona mposaji akisindikiza barua yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Tukaenda Cheyo Jumapili baada ya ibada. Nikaamkia shikamoo kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti, hata nikamwamkia kijana mdogo kuliko mimi. Baba yake akaitikia marahaba moja kavu, akatazama dari.

Mshenga akasoma. Safari hii alisoma taratibu, kama mtu anayezungumza. Kwenye chura, shangazi akajifunika mdomo kwa kanga. Kwenye yule mama wa Usinge, wazee wakatazamana, maana kumbe kwao hakuwahi kusimulia. Alipomaliza kwenye simba asiyejua hofu, pazia la chumbani likasogea kidogo.

"Ya kwangu ni kweli yote," ikasema ile sauti. "Hata ya chura. Ya kwake ndiyo uongo."

"Uongo gani tena?" akauliza shangazi.

"Mwulizeni yeye."

Mungu wangu! Macho yote yakanigeukia. Baba yake akaiacha dari akanitazama. Nilijua akilini kuna njia mbili. Nikisema mimi ni simba, nampoteza binti. Nikisema ukweli, nampoteza mzee wa nyuki mia, na bila yeye hakuna ndoa katika nyumba ile. Nikasimama.

Nikasema, "Wazee wangu, mimi ni mwoga. Treni ikichelewa sili. Naenda stesheni, narudi, naenda tena, namwuliza mkuu wa stesheni mpaka siku hizi akiniona anajifungia ofisini. Ule wakati mvua zilipokata reli na simu yake haikupatikana siku mbili, nililia. Nililia chumba cha walimu, juu ya madaftari ya kidato cha pili, wino ukatapakaa, na wanafunzi nikawaambia nina mafua. Yeye akiwa safarini mimi si mtu. Hiyo ndiyo hofu yangu na sina nyingine ya kuwaficha."

Nikaketi. Mshenga wangu alikuwa ameshika kichwa. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baba wa binti akainuka polepole, akachukua kofia yake kwenye msumari, akasema anakwenda kuangalia mizinga, akatoka. Jumapili! Hata bila kuaga. Nikamwona kupitia mlangoni akipotelea uchochoroni na mgongo wake mrefu, nikasema moyoni, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe, ndugu.

Shangazi akatuambia binti anasafiri kesho yake, anarudi Alhamisi, na jibu litatoka Ijumaa baada ya baba kusema neno lake. Tukarudi Chemchem kwa miguu, mimi na mshenga.

Alhamisi treni ilitakiwa kuingia asubuhi saa nne. Nilikuwa na vipindi, sikujua nilichofundisha. Saa sita nikaenda stesheni, haijafika. Saa nane nikarudi, wakasema iko njiani, neno ambalo halina maana yoyote, kwa sababu treni isipokuwa njiani itakuwa wapi? Saa tisa watu wengi walikuwa wamechoka wameondoka, wauza karanga wamelala juu ya sinia zao. Nikashindwa kukaa kwenye benchi langu la siku zote, nikaanza kutembea kando ya reli mpaka mwisho kabisa wa jukwaa, nyuma ya ghala la vifurushi, ambako sijawahi kufika kwa sababu hakuna kitu huko.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. Baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakushtuka, ila hakufurahi pia. Mimi nikatafuta la kusema, nikamwuliza kama anasafirisha asali.

"Ndiyo," akasema. Akatazama ile ndoo iliyokuwa chini yake, mdomo wake ukiangalia ardhini, haina hata tone. Akatazama reli. Halafu akatoa pumzi ndefu. "Hapana. Nadanganya. Mama yake huniuliza ninakwenda wapi, namwambia nasafirisha asali. Ndoo hii imekuja stesheni tangu binti alipoanza kazi hii. Haijawahi kupanda treni."

"Kila treni?"

"Ikichelewa." Akavaa kofia, akaivua tena. "Ule wakati wa mvua nilikuwa hapa siku zote mbili. Nilikuona kule kwenye benchi unahangaika kama kuku. Nikasema huyu angalau ana benchi."

Alisogea upande mmoja wa ndoo, akapiga nusu iliyobaki kwa kiganja. Ndoo ya lita ishirini haiwatoshi watu wazima wawili, sikiliza nikuambie, lakini tuliketi, bega kwa bega, kila mmoja na nusu ya tako hewani, na harufu ya asali na moshi imejaa kwenye koti lake.

"Jumapili ulinikasirisha," akasema. "Ulisema mbele ya watu kitu ambacho mimi nimekificha mpaka nimezeeka. Nilikwenda kwenye mizinga nikakaa tu."

Treni iliingia karibu saa kumi na moja. Tukasimama wote wawili kwa pamoja na ndoo ikaanguka. Alishuka behewa la tatu, sare imejaa vumbi, mkoba begani, akawa anamkaripia abiria mmoja kuhusu mbuzi. Kisha akatuona. Baba yake na mimi, tumesimama pamoja stesheni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Uso wake ukabadilika, mkoba ukamtoka begani.

"Nani amekufa?" akauliza. "Baba, nani amekufa? Ni mama?"

"Hakuna aliyekufa," baba yake akasema. "Tulikuwa tunakungoja."

"Mnaningoja kwa nini?"

"Kwa sababu ulichelewa."

Yule dada anayewashusha walevi kwa ukosi aliketi juu ya mkoba wake, katikati ya watu na mizigo, akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kamasi zikimtoka, na mimi na mzee tukasimama kushoto na kulia kwake hatujui mikono yetu tuiweke wapi. Mwenye mbuzi akapata nafasi akatoroka.

Alipotulia, baba yake akakohoa. "Barua iliandikwa kwangu," akasema, "lakini anayeolewa si mimi. Kesho ni mbali. Mjibu mwenyewe."

Binti akajifuta uso kwa mkono wa sare, akanitazama juu kutoka pale chini alipokaa. "Umekula leo?"

"Sijala."

"Na wewe baba?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Nimekubali," binti akasema. "Nyanyueni mkoba, twendeni mkale."